Ubao wa Mitindo Kumi na Miwili

Mimi si mtu wa kulala. Hata kabla ya mambo haya nilikuwa naamka kuangalia kama mlango nimeufunga, kisha naamka tena kuangalia kama kweli niliangalia. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa roho mkononi. Sasa mtu wa namna hiyo, ndiye mdogo wangu aliyemkabidhi maneno yake kumi na mawili.

Mdogo wangu yuko nchi za watu, anatunza wazee wa familia moja. Anawaogesha, anawalisha, anasikiliza hadithi zao zile zile. Mshahara wake hawezi kuulaza chumbani, maana mabegi ya wafanyakazi hupekuliwa, na akiutuma nyumbani kila mkono unaoushika njiani unakata chake. Akafundishwa na wenzake kununua sarafu za kidijitali. Alipokuja likizo, mara moja tu tangu aende, akanifungulia akaunti kwenye simu yangu. Akaunti hiyo haina benki, haina meneja, haina dirisha la malalamiko. Imeandikwa kwenye kompyuta za dunia nzima, wenyewe wanaiita blokcheni, na mlango wake ni maneno kumi na mawili ambayo programu inakupa, kwa mpangilio wake. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Ukiyapoteza imekula kwako. Akiyaona mwingine, mali ni yake kama ilivyo yako, na wa kumlilia hakuna.

Yeye mwenyewe hakubaki na nakala, kwa ajili ya ile pekuapekua. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Dada, ukihisi tu kuna mtu kayaona, usinipigie kuniuliza. Fungua akaunti mpya, uhamishe kila kitu. Tuma kidogo kwanza, kikifika ndiyo utume vyote. Maneno haya hayabadilishwi kama kitasa. Yanakimbiwa."

Nikaitikia. Kumbe nilikuwa naitikia ugonjwa.

Akiba ile ni nyumba. Vyumba viwili na jiko, ili arudi akae na binti yake, ambaye nimemlea mimi tangu hajaota meno mpaka sasa yameanza kumtoka. Tunamwita Kibogoyo. Mimi ananiita Mama Mkubwa, na mama yake ananiita Dada, na wote wawili wana swali moja. Kibogoyo huuliza mama anakuja lini. Mdogo wangu, kila mwisho wa simu, huuliza, "Dada, nije?" Nami jibu langu lilikuwa moja: vumilia kidogo, akiba haijafika paa.

Karatasi ya maneno niliihangaisha kama paka anavyohamisha watoto. Kwanza niliiweka ndani ya pakiti ya rasta, nywele za kusukia, kwenye rafu ya juu kabisa ya saluni yangu, rangi ambayo haina mnunuzi. Ikapata mnunuzi. Nilimkimbiza yule mama barabarani na aproni yangu, chanuo limechomekwa kichwani, nikampokonya pakiti mikononi na kumrudishia pesa yake, na mpaka leo akiniona anavuka upande wa pili. Nikaihamishia kwenye kopo la majani ya chai, nikaona chai kila mtu anakunywa. Nikaishonea ndani ya mto, nikakumbuka mito huanikwa nje. Nikipata pahali pazuri, kesho yake napaona pabaya. Kibogoyo aliniuliza kama natafuta panya.

Ndipo nikapata akili, au niseme nilidhani nimepata. Ubao wa mitindo pale saluni ulikuwa umechakaa, herufi zimebanduka, wateja wanaonyesha kwa kidole tu. Nikasema, mwizi hutafuta kilichofichwa. Nani atasoma siri iliyopakwa rangi ukutani kwa herufi kubwa? Nikanunua kopo la rangi nyeupe na brashi, nikaandika mitindo kumi na miwili ya kusuka, imepangwa kwa namba, na majina yake yalikuwa yale maneno kumi na mawili. Karatasi nikaichoma. Nikasimama katikati ya saluni nikajipongeza.

Majina mengine yalikaa vizuri. Ukungu. Tausi. Ngazi. Wimbi. Ungesema programu ile ilijua inazungumza na msusi. Lakini namba tatu ilikuwa Debe. Namba saba Jiwe. Mteja anauliza Debe ndiyo nini, nami siwezi kusema sijui wakati ni ubao wangu. Nikabuni papo hapo: unagawa nywele miraba, unazinyanyua katikati, pembeni zinasimama wima. Nilitarajia hakuna atakayeutaka. Kukatokea bibi harusi mbishi, akausuka kwa kushindana na wifi zake, akapendeza kupita kiasi. Basi tena. Kila kichwa kikataka Debe. Walikuja wasichana wa chuo, wakaja wauguzi, akaja mama mmoja ambaye nywele zenyewe hazitoshi kujaza kikombe. Sijawahi kuwa na kazi nyingi namna ile, na nasema kweli, nilikuwa nalala. Naangalia mlango mara moja tu, nalala.

Ikawa hivyo mpaka Jirani alipopaka ubao wake.

Jirani ni msusi wa ng'ambo ya barabara. Tunaazimana pini na tunachukiana kwa heshima. Asubuhi moja nafungua dirisha naona kwake ukutani, nje, upande wa barabara, ubao mpya. Mitindo yangu yote. Majina yale yale, namba zile zile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa rangi nyekundu. Wangu angalau ulikuwa ndani. Wake unasomeka na mtu aliye kwenye pikipiki.

Nilivuka sikumbuki nilivukaje. Nikamwambia afute. Akaniuliza kwani Debe nimelizaa mimi. Nikamwambia basi abadilishe hata mpangilio, namba tatu aiweke ya tisa. Akanitazama kama mtu aliyeona nyoka akicheka. Wateja wake walikuwa wamekaa wanasikiliza, maana mate yanamezwa polepole ukipata umbea wa bure. Jirani akasema kwa upole, ule upole wa kuudhi, kwamba riziki haigombaniwi, na kwamba debe tupu haliachi kutika. Wakacheka wote. Nikarudi kwangu, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini nimegombana. Nikajituliza kwamba hakuna anayejua ni maneno ya nini. Ni nywele tu. Nilijiambia hivyo siku nzima, na usingizi ukaondoka tena kama mgeni aliyesahau kuaga.

Wa kuyajua akaja mwenyewe, kwa miguu yake. Ni fundi simu wa kona, kijana mpole, anamleta mkewe kusuka na hukaa kwenye kiti cha plastiki kumsubiri. Mkewe nilikuwa nimeshamfikisha nusu kichwa. Yule fundi akatazama ubao kwanza kwa uvivu, kisha akanyanyuka akausogelea. Nikamwona kwenye kioo midomo inacheza, anasoma kutoka juu kwenda chini. Kisha akacheka.

"Mama, unajua haya maneno nimeyaona mahali? Watu wa sarafu za mtandaoni hupewa maneno kumi na mawili, na yote yanatoka kwenye orodha moja. Ya kwako yote yamo." Akakaa, akakunja mguu. "Mimi ningekuwa mwizi ningeyajaribu."

Nikacheka pia. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Simu yake ikaita, akatoka nje kupokea, akaenda zake dukani. Mkewe akaendelea kunisimulia habari za mama mkwe wake. Nikawaza, kama ni mwizi asingesema. Nikawaza tena, mwizi mjanja ndiye anayesema, ili ionekane asingesema. Nikawaza duka lake liko kona pale, hatua chache, na mezani ana simu ishirini. Nikamwambia mkewe nywele za rangi yake zimeniishia, asubiri, nikaingia chumba cha nyuma nikafunga mlango kwa komeo.

Mdogo wangu nilimpigia hata hivyo. Simu imezimwa. Saa za kazi simu zao hufungiwa kabatini. Nikakumbuka neno lake: usinipigie kuniuliza.

Mikono hii imegawa nywele za watoto wachanga bila kuwaamsha. Siku ile ilishindwa kubonyeza kioo cha simu. Nikafungua akaunti mpya. Programu ikanipa maneno mapya kumi na mawili, ikanionya niyatunze. Nikayanakili kwenye boksi la pini. Nikanakili na anwani ya akaunti mpya, ule msururu wa herufi usiotamkika, nikalinganisha mwanzo na mwisho, nikalinganisha katikati, nikalinganisha tena. Nikatuma kidogo. Kikakaa njiani. Nje mke wa fundi akaniita kuuliza kama nimekwenda kununua nywele au kuzipanda. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, macho kwenye simu, namwomba Mungu kwa mpangilio usioeleweka. Kikafika. Nikatuma vilivyobaki. Hivyo navyo vikakaa, vikafika. Nyumba ya mdogo wangu ikahama mlango mmoja hadi mwingine, mimi nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Kwenye akaunti ya zamani niliacha punje, ile unayomwagia ndege kwenye mtego. Nilitaka kujua kama nina wazimu au nina adui. Nikatoka, nikamaliza kichwa cha yule dada, na sikumtoza.

Ubao sikuufuta. Ningeufuta ningekuwa nimesema.

Zile siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuogopwa. Kila aliyevaa kiatu kipya nilimhukumu. Jirani alileta mashine mpya ya kukaushia nywele, nikasema huyo huyo. Fundi akapaka duka lake rangi, nikasema ah, kumbe. Mama wa nywele za kikombe akanilipa noti mpya, nikaishika dhidi ya mwanga. Nilikuwa nasuka macho yakiwa kwenye kioo, natafuta uso wenye aibu, na nyuso zote zilikuwa za watu wanaovutwa nywele.

Kisha asubuhi moja nikafungua akaunti ya zamani, punje haipo. Imechotwa yote.

Nilikaa chini. Mtu fulani alikuwa ameusoma ubao, wangu au wa Jirani, akaingia mlangoni kwa mdogo wangu kwa miguu mitulivu, akakuta chumba kitupu na sarafu moja sakafuni, akaiokota hiyo hiyo. Huenda ni fundi. Huenda ni kijana yeyote aliyepita barabarani. Mpaka leo simjui, na huenda anakuja kunisalimia.

Mdogo wangu alipopiga nilimweleza lote, kuanzia rasta hadi mtego. Nilisubiri anitukane. Nikasikia maji yanamwagika huko aliko, pengine anajaza beseni la mzee wake. Akauliza maneno mapya nimeyaandika wapi. Nikamwambia kwa fahari sijayaandika. Boksi la pini nimelichoma, yote yamo kichwani. Akauliza, na nikianguka? Nikamwambia sianguki. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, kisha akauliza swali lake.

"Dada, nije?"

Nikamwambia vumilia kidogo. Paa.

Kibogoyo alikuwa pembeni anasikiliza. Akaenda kukaa mlangoni.

Sasa kuyashika maneno kumi na mawili kwa mpangilio, kichwa cha mtu wa roho mkononi, si mchezo. Nilipata njia. Nikisuka mistari, kila mstari niliupa neno lake. Mstari wa kwanza kutoka sikio la kushoto, neno la kwanza. Unaofuata, la pili. Nikifika sikio la kulia nimemaliza, mteja kapendeza na mimi nimedurusu. Kwa siku nawasuka watu kadhaa, basi siku nzima nayapitia. Hayakunipotea hata moja. Niliona sasa nimeshinda dunia.

Mke wa fundi akarudi, nywele za Debe zimechoka. Akakaa, akajiweka sawa, akanitazama kwenye kioo.

"Leo nataka huo mwingine, dada. Kinu."

Nikamwambia Kinu haupo ubaoni.

"Najua haupo. Lakini juzi nilipomleta shangazi yangu nikakaa hapo pembeni, ukianza tu mstari unasema kinu. Halafu unasema zumari. Nikajua ni mitindo mipya unaifanyia mazoezi." Akacheka. "Sikioni kwake kabisa, unamnong'oneza kama bwana."

Kinu lilikuwa neno la kwanza. Zumari la pili.

Nilikuwa nimewanong'oneza wateja wangu wote nyumba ya mdogo wangu, mstari kwa mstari, kwa mpangilio, na sikio liko chini ya mdomo. Nilikimbia kalamu, nikakimbia karatasi, nikakimbia ukuta. Mdomo wangu niliusahau. Nikaona waziwazi, pale pale na chanuo mkononi, kwamba nitafungua akaunti ya tatu, na ya tatu nayo nitaiweka mahali pa kijinga, na nitalinda hivyo mpaka mtoto aote meno ya ukubwani, na mama yake atakuwa bado anaogesha wazee wa watu akisubiri paa. Mwenye mali alikuwa ameomba kuja. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia mlango, kila wiki, kwa sauti ya upole.

Hasira iliyonishika haikuwa ya mwizi tena.

Nikamwambia mke wa fundi nakuja. Nikaingia chumba cha nyuma, nikakaa juu ya ile ile ndoo, nikafungua akaunti ya tatu, nikahamisha, kidogo kwanza, kisha vyote. Kazi ilikuwa imeshanizoea. Kisha nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti, maana simu ilikuwa kabatini.

"Mdogo wangu, njoo. Paa tutaweka turubai. Mimi siwezi siri, mdomo wangu hauna kifuniko. Njoo ushike mali yako, na mtoto wako umshike."

Nikarudi, nikamsuka yule dada Kinu, mtindo ambao haujawahi kuwepo, na nikasuka pini zote nimezibana mdomoni ili lisitoke hata neno. Alitoka amependeza. Wiki ile watatu walikuja kuulizia.

Mdogo wangu alipiga jioni. Hakuniuliza habari za akaunti.

"Dada, ulikuwa husemi hivyo," alisema. Kisha tukasikilizana tukivuta kamasi kwa gharama za simu za nje. Kibogoyo akaninyang'anya simu.

Mdogo wangu alishuka na begi moja na kikohozi. Amekonda. Kibogoyo alijificha nyuma yangu kwanza, akachungulia, akamwonyesha pengo. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu. Kesho yake mdogo wangu akaja saluni kabla sijafungua kwa wateja, akakaa kwenye kiti, akafunua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimekatika mbele, kwa kofia za kazi. Nikamwambia kwanza nimkabidhi chake, ndiyo nipate kulala. Nikafunga mlango kwa komeo, nikafunga dirisha la upande wa Jirani, nikamwambia Kibogoyo akacheze uani na asisogee mlangoni.

Nilimgawa mistari kumi na miwili. Nikaanza sikio la kushoto, taratibu, na kwa kila mstari nikainama nikamnong'oneza neno lake. Aliitikia la kwanza. Akaitikia la pili, akalirudia vizuri. La tatu akalisema nusu. Shingo ikawa inanilemea mkononi. Nilipofika la saba nikamwona kwenye kioo mdomo uko wazi, kichwa kimeegemea tumbo langu, anakoroma kama mzee.

Mlangoni nikasikia mtu anahema kwenye tundu la kitasa. Kibogoyo. Akauliza kwa sauti ndogo kama mama yake kashajua kila kitu.

Nikamwambia bado, kalala, tusimwamshe. Nikamalizia ile mistari mingine kimya.